Jinsi ya Kuandaa Mpango Mmoja wa Afya na Ustawi wa Jamii wa Kata, Hadi Uingie Kwenye Bajeti ya Halmashauri

Kila ifikapo Oktoba maswali ni yale yale, yawe yanatoka Tandahimba, Nanyumbu au Liwale. Mtendaji mpya wa kijiji anauliza aanzie wapi. Mjumbe wa kamati ya zahanati anauliza kwa nini walichoomba mwaka jana hakikutoka. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anataka kujua mambo ya watoto, wazee na watu wenye ulemavu yanaingiaje kwenye mpango ambao kila mtu anaamini ni wa daktari peke yake. Mwongozo huu unawajibu wote watatu. Umeandikwa kwa mtu anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza katika kata ya Mtwara au Lindi, akiwa na daftari, kalamu na simu.

Kwanza tuelewane tunachotafuta. Fikiria kaya moja juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala: bibi analea wajukuu wawili. Mdogo ana uzito pungufu. Mkubwa hukosa shule siku ambazo maji yanafuatwa bondeni. Bibi mwenyewe ana shinikizo la damu na dawa zimemwishia. Zahanati inamwona mgonjwa, TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaosaidia kaya maskini) inaona mlengwa, shule inaona mtoro, na mwenyekiti wa kitongoji anaona mwananchi asiyehudhuria mikutano. Wote wanne wanaihudumia kaya moja na hawajawahi kukaa meza moja. Kazi yako ni kuwakalisha hapo, kisha kuhakikisha kila walichokubaliana kina mtu wa kukifanya na fedha ya kukifanyia.

MAMBO YA KUWA NAYO KABLA YA KUANZA

Usiitishe kikao kabla hujashika hivi mkononi:

- Takwimu za zahanati za miezi 12 iliyopita kutoka rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya): mahudhurio ya wajawazito, waliojifungulia kituoni, chanjo, uzito wa watoto na magonjwa yanayoongoza.
- Mpango wa zahanati wa mwaka huu pamoja na taarifa yake ya mapato na matumizi. Hii ni haki ya kamati ya kituo kuiona, haiombwi kwa kunong'ona.
- Daftari la wakazi la kila kijiji, likiwa limehuishwa.
- Idadi ya kaya za TASAF, idadi ya wazee wa miaka 60 na zaidi, na idadi ya watu wenye ulemavu.
- Mahudhurio na utoro kwa kila shule ya msingi na sekondari.
- Idadi ya mashauri yaliyopokelewa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile iliyoundwa chini ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto). Idadi tu, bila majina.
- Kalenda ya maisha ya kata: minada ya korosho, kipindi cha kupulizia mikorosho, jando na unyago, masika, likizo za shule.

Hiyo ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayoangusha mipango mizuri kuliko kitu kingine.

Jua pia tarehe zako. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutolewa na Wizara ya Fedha kwa kawaida mwezi Novemba, halmashauri hushona bajeti Desemba na Januari, Baraza la Madiwani hupitisha, kisha Bunge hukaa kuanzia Aprili. Kata inayoanza kazi Januari imeshachelewa. Anza Septemba, kabla minada haijachukua watu na akili zao.

HATUA KWA HATUA

1. Unda timu ndogo ya kata.

Watu saba au wanane wanatosha: Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, Mganga Mfawidhi (mkuu wa zahanati), Afisa Afya wa kata, Afisa Elimu Kata, mjumbe mmoja wa kamati ya kituo anayewakilisha wananchi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mtu mwenye ulemavu au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Afisa Ustawi wa Jamii mara nyingi hayupo katani, yuko kituo cha afya au makao makuu ya halmashauri. Mpigie mapema na mpe tarehe zote kwa mkupuo mmoja, maana anagawanywa kata nyingi.

Ufahamu na mpangilio wa juu. Kwenye muundo wa halmashauri, afya, ustawi wa jamii na lishe viko idara moja. Maendeleo ya jamii ni idara nyingine, elimu nyingine, na maji vijijini yako RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), ambayo haiko chini ya Mkurugenzi wa halmashauri. Hii ina maana mpango wako mmoja utagawanyika ukifika juu, na lazima ujue kila kipande kinaelekea mlango gani.

2. Weka takwimu zote kwenye ukurasa mmoja.

Chora jedwali: vijiji upande wa kushoto, viashiria juu. Usizidi viashiria kumi. Ukimaliza, tafuta kijiji kinachojirudia. Kijiji chenye wajawazito wengi wanaochelewa hudhurio la kwanza la kliniki, utoro mkubwa na kaya nyingi za TASAF ndicho kinachohitaji huduma zikifika kwa pamoja.

Tahadhari: usichanganye idadi na uwiano. Kijiji kikubwa kitakuwa na wagonjwa wengi kwa sababu tu kina watu wengi. Gawanya kwa idadi ya walengwa kabla ya kulinganisha.

3. Fuata safari ya kaya.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo tenga siku za kutosha. Tembeleeni kaya tano au sita zilizokubali, za aina tofauti: yenye mjamzito, yenye mtoto mwenye uzito pungufu, yenye mzee anayeishi peke yake, yenye mtu mwenye ulemavu, yenye binti aliyeacha shule. Nendeni wawili wawili kutoka sekta tofauti, mfano mhudumu wa afya na mwalimu, ili kila mmoja asikie asichozoea kusikia.

Usiulize "mna shida gani?" Utajibiwa "shida ni nyingi" na hapo mazungumzo yamekwisha. Uliza hivi: mara ya mwisho mtu wa nyumba hii alipougua, mlifanya nini kwanza? Kisha mkaenda wapi? Mlipofika mlimkuta nani? Mliambiwa mrudi lini? Bodaboda ilikuwa shilingi ngapi? Nani alibaki na watoto? Andika kila kituo cha safari hiyo, na weka alama pale walipokwama au kukata tamaa.

Mtashangaa kuona mapengo mengi hayahitaji fedha kabisa. Mfano ulio wa kawaida: kliniki ya watoto ni Jumanne, na kikao cha walengwa wa TASAF ni Jumanne hiyo hiyo upande wa pili wa kijiji. Mama anachagua kikao. TASAF ina masharti ya watoto kuhudhuria kliniki na shule, kwa hiyo mama huyo huyo anaweza kuonekana mkaidi kumbe ni ratiba mbili zilizogongana. Suluhisho ni kuweka mambo haya siku moja, mahali pamoja: uzito wa watoto, chanjo, elimu ya lishe, kikao cha walengwa, na Afisa Ustawi akiwa na meza yake pembeni. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile ya kila robo mwaka, imeshaanzishwa kwa kazi ya namna hii. Itumieni kikamilifu.

Mapengo mengine ni ya jiografia, na lazima yaandikwe jinsi yalivyo. Kisiwani Songo Songo mgonjwa wa rufaa anasubiri chombo. Kata za Liwale zinapata shida ya barabara masika. Juu uwandani, muda wa mwanamke huliwa na maji. Mpango usiosema hayo unafanana na wa kata nyingine yoyote, na halmashauri haitaona sababu ya kuupa kipaumbele.

Tahadhari: habari za VVU, ukatili au uzazi mlizozipata ndani ya nyumba ya mtu zisitamkwe kikaoni, hata bila jina. Kijiji ni kidogo, watu wanajumlisha wenyewe. Ukikuta mtoto anafanyiwa ukatili usisubiri mpango. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

4. Peleka matokeo kwa wananchi.

Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unataka vipaumbele vitoke kijijini, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, ndio wenye sauti. Msiende na orodha iliyokwisha kupangwa mkaomba mikono ipigwe. Elezeni mlichokikuta, kisha wagawe watu: wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Kila kundi litaje mambo matatu. Mtaona tofauti. Wanaume wengi hutaja jengo, wanawake hutaja usiku wa uchungu na usafiri.

Waalikeni manyakanga na makungwi, wasimamizi wa jando na unyago. Watoto na vijana wa huku wanapita mikononi mwao kila msimu, na kata inayopanga afya ya uzazi bila wao inapanga pembeni ya mahali mafunzo yenyewe yanapotolewa. Ongeeni nao kwa heshima juu ya tohara salama, tarehe zinazoendana na likizo za shule, na ujumbe kuhusu mimba za utotoni. Wengi wako tayari, wanachokosa ni kuulizwa.

5. Chagua mambo matatu, msizidi manne.

Kata inayopeleka vipaumbele ishirini imewaachia watu wa makao makuu kazi ya kuchagua. Chagueni yale yanayogusa zaidi ya sekta moja kwa mpigo.

6. Kila shughuli ipewe mwenyewe na chanzo cha fedha.

Hapa ndipo wanaoanza huangukia. Wanaandika "elimu itolewe kwa jamii" na kuacha. Itolewe na nani, kwa fedha ya kifungu gani? Shughuli isiyo na jina wala chanzo haitaingia kwenye mfumo wa bajeti. Vyanzo ni hivi:

- Fedha za kituo. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Zikijumlishwa na makusanyo ya papo kwa papo na malipo ya bima, zahanati ina bajeti yake, inayopangwa na kamati yake. Huduma za mkoba (wahudumu wa zahanati kuwafuata wananchi walipo) kwenye vitongoji vya mbali zinaweza kulipiwa hapa, kwa kufuata mwongozo wa matumizi.
- Mapato ya ndani ya halmashauri. Huku kwetu yanategemea sana ushuru wa korosho, kwa hiyo hupanda na kushuka na bei ya mnada. Shughuli inayotegemea chanzo hiki ipangwe baada ya minada.
- Fedha za lishe. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Hesabu watoto wa kata yako: wakiwa 900, sehemu yenu ni kama shilingi 900,000. Ukienda kwa Afisa Lishe na hesabu hiyo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.
- Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Huu ni mkopo unaorudishwa. Usiuandike kama ruzuku ya huduma. Unafaa pale kikundi cha kina mama kinapotaka, mathalani, mradi wa kuku wa mayai.
- Nguvu za wananchi. Mchanga, mawe, kazi za mikono, na mahali pengine makato ya kila kilo ya korosho kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika). Makato yaamuliwe na Mkutano Mkuu, muhtasari uandikwe, na matumizi yasomwe hadharani.
- Asasi zinazofanya kazi katani. Ziulizeni bajeti zao mapema, mzipe kipande kinachoeleweka.

Mstari mmoja wa mpango ukikamilika unasomeka hivi:

Tatizo: Wajawazito wa vitongoji viwili vya mbali wanachelewa hudhurio la kwanza.
Shughuli: Huduma za mkoba kila mwezi, siku moja na kikao cha walengwa wa TASAF.
Anayesimamia: Mganga Mfawidhi. Wanaoshirikiana naye: Afisa Maendeleo ya Jamii na wahudumu wa jamii.
Chanzo: Akaunti ya zahanati.
Lini: Julai hadi Juni. Masika wahudumu wa jamii watatangulia kwa miguu.
Kipimo: Idadi ya wajawazito waliohudhuria kabla ya wiki 12, kutoka rejesta.

7. Piga gharama kwa vitu halisi.

Lita za mafuta mara safari mara bei ya sasa. Watu mara siku mara posho iliyoruhusiwa. Usiandike "gharama za uendeshaji" kwa jumla, itakatwa kabla ya kitu kingine chochote. Omba ukomo wa bajeti wa kituo kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri na mkae ndani yake. Mkiuzidi, mtakaokatwa ni ninyi na hamtaulizwa kikatwe kipi.

8. Pitisha kwenye vikao, na uhifadhi mihtasari.

Mpango wa zahanati hupitishwa na Kamati ya Usimamizi ya Kituo. Vipaumbele vya kijiji vinapita Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu. Vyote vinakutana kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya uenyekiti wa Diwani, Mtendaji wa Kata akiwa katibu. Mpeni Diwani ukurasa mmoja tu wenye mambo matatu na gharama zake. Ndiye atakayesimama kwenye Kamati ya Elimu, Afya na Maji na kwenye Baraza, na mtu hawezi kutetea makaratasi arobaini ambayo hakupata muda wa kuyasoma.

9. Fuatilia kila kipande kwenye mlango wake.

Mipango ya vituo hujumuishwa na Timu ya Usimamizi wa Afya kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na bajeti yote huingizwa kwenye mfumo wa PlanRep. Si wewe utakayeiingiza, ila wewe ndiye utakayeuliza. Nenda kwa Katibu wa Afya, kwa Afisa Mipango na kwa Maendeleo ya Jamii, omba uoneshwe shughuli zenu kwenye rasimu. Kwa maji, peleka barua RUWASA. Fanya hivi wakati rasimu bado iko wazi. Baada ya Baraza kupitisha, kilichoachwa kimeachwa mpaka mwaka ujao.

10. Tengeneza njia ya rufaa inayorudi.

Hii haisubiri Julai. Mhudumu wa jamii akimpeleka mtu zahanati, au zahanati ikimpeleka mtu kwa Afisa Ustawi, iwepo karatasi yenye vipande viwili: kimoja kinabaki kwa mpokeaji, kingine kinarudi kwa aliyetuma kikisema alifika, kilifanyika nini. Chagueni mtu mmoja wa kata wa kuzijumlisha kila mwezi. Rufaa isiyorudi ndiyo inayomfanya yule bibi arudi nyumbani bila dawa na mtu yeyote asijue.

11. Kaeni kila robo mwaka.

Saa mbili zinatosha. Kipi kimefanyika, kipi hakijafanyika, nani atafanya nini kabla ya robo ijayo. Matokeo yabandikwe ubao wa matangazo wa ofisi ya kata na zahanati, yakiwa na fedha zilizopokelewa na zilizotumika.

UKIKWAMA

Takwimu za zahanati na za kijiji hazilingani. Mara nyingi zahanati inahudumia watu wa kata jirani, au watu wamehamia mashambani kwa msimu. Kaa na Mganga Mfawidhi, tenganisheni wakazi na wageni kwa kutumia safu ya makazi kwenye rejesta.

Mganga Mfawidhi anasema mpango wa kituo ni wa kitaalamu, wajumbe hawahusiki. Mweleze kwa upole kwamba yeye ndiye katibu wa kamati hiyo na kwamba kamati ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Akishikilia, mwandikie Mganga Mkuu wa halmashauri kupitia Mtendaji wa Kata.

Watu hawaji kwenye Mkutano Mkuu. Angalia kalenda. Siku ya mnada au malipo ya korosho hutampata mtu. Hamishia vikao kwenye vitongoji, jioni, kisha mkutano mkuu uthibitishe.

Mzee au kaya maskini inatozwa fedha ya matibabu. Sera inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Tatizo huwa ni utambuzi. Serikali ya kijiji iandae orodha ya wazee wasiojiweza, Afisa Ustawi aithibitishe, na nakala ibaki zahanati, ili mzee asitafute barua siku anaumwa. Taratibu za bima nazo zinabadilika chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kwa hiyo mwalikeni mratibu wa bima wa halmashauri aeleze hali ilivyo sasa.

Shughuli yenu imepitishwa lakini fedha haijaja. Uliza chanzo chake. Ikiwa ni mapato ya ndani, omba Diwani aulize kwenye kikao cha robo cha Baraza. Ikiwa ni fedha ya kituo, angalia taarifa ya benki pamoja na mtunza hazina wa kituo. Wakati huo endeleeni na yale yasiyohitaji fedha: kuunganisha siku, karatasi za rufaa, orodha ya wazee.

Mafuriko au kimbunga kimevuruga kila kitu. Wenzetu wa Kilwa walipopigwa na mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga, waliona jinsi dawa na rufaa zinavyoweza kusimama ghafla. Kata zote za pwani na mabondeni ziwe na ukurasa wa dharura ndani ya mpango: nani ana chombo au pikipiki, wajawazito wanaokaribia kujifungua wako wapi, nani anatumia dawa za kila siku, namba za simu za wahudumu wote. Uhuishwe kila Novemba, kabla ya mvua.